Baba na mama na: nilivyoupata mkono wa John Lennon

Fundi aliyenishikisha gitaa aliniambia nyimbo za mwanzo za The Beatles, bendi ya Waingereza aliyokuwamo John Lennon, ni za kujifunzia tu, ukishajua kordi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) umemaliza. Ushauri huo umenipotezea miaka.

Mwaka jana hedifoni zangu zilikufa upande wa kulia. Nikaweka "All My Loving", ya 1963, waimbaji wakapotea! Enzi zile kwenye stereo mara nyingi waliweka sauti za waimbaji kulia na vyombo kushoto, kwa hiyo nilibaki na bendi peke yake. Ndipo nikalisikia gitaa la ridhimu, lile linaloshikilia mdundo, la John Lennon. Nilisimama jikoni, chai ikafurika.

Baa, yaani kipande kimoja cha mdundo, ina mapigo manne, na ndani ya kila pigo John anacharaza mara tatu. Kumi na mbili kwa baa, baa 16 kwa ubeti, na wimbo unakimbia. Hapo chini Paul McCartney, mwenzake kwenye bendi, anatembeza besi, noti moja kila pigo, kama mtu asiye na haraka.

Nilianza kwa kushusha tu, chini-chini-chini. Kabla ubeti haujaisha mkono ulikuwa gogo. Nikajaribu chini-juu-chini na kuanza tena chini kila pigo. Zinakutana mbili za chini na mdundo unachechemea. Dawa ni kutovunja mwendo: chini-juu-chini, juu-chini-juu. Ila sasa pigo la pili linaangukia mkono unapopanda, na uzito wote unapotea.

Hapo ndipo nilipokaa wiki tatu. Nilisoma mahali kwamba utamke neno la silabi tatu. Nikachukua "chapati". Haikufaa hata kidogo, maana Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho: cha-PA-ti, na mkono ukafuata PA. Usiku mmoja nikiwa kitandani likanijia: BA-ba na, MA-ma na. Mkazo uko mwanzoni kabisa! "Baba" unashuka nalo, "mama" unapanda nalo. Niliamka nikacharaza gizani bila kuchomeka gitaa, polepole, baba na mama na, baba na mama na, mpaka mama akawa na nguvu sawa na baba. Mke wangu aliniacha niendelee tu.

Nunua piki (kile kibao cha kucharazia nyuzi) nyembamba, ni hela ya soda. Kiwiko kisifanye kazi, kiganja ndicho kinachotikisika. Nyuzi nene ziache, hizo ni eneo la besi.

Na usikilize kiitikio: John anaziacha zile tatu-tatu, wimbo unapumua, kisha zinarudi na ubeti. Vijana wa miaka ishirini na kitu walijua lini kunyamaza.

Juzi tulipiga kwenye harusi. Mpiga besi wetu, ambaye hasifii mtu, aligeuka katikati ya ubeti wa pili akautazama mkono wangu mpaka kiitikio kikamkuta hajajiandaa.