Vitanda vinne, watu wawili: treni ya Kapiri Mposhi hadi Dar

Huku Lubumbashi, Kongo, ukisema unaenda Dar kununua bidhaa, kila mtu anakuona tayari ndani ya basi la Nakonde, mpakani mwa Zambia na Tanzania, miguu imevimba. Mwaka 2018 mgongo wangu ulikataa. Nikamwambia bibi yangu safari hii tupande TAZARA, treni ya Zambia na Tanzania inayoanzia Kapiri Mposhi, Zambia. Nitaeleza habari ya nafasi tu, maana ndiyo iliyotutoa jasho, na mpaka leo kuna watu wananiuliza.

Mimi nilikuwa na akili ya treni ya utotoni. Nilisafiri na mama kwenda Kamina, na nafasi ilikuwa ya yule aliyewahi kupitisha mfuko dirishani. Biye, yaani tiketi, ilikuwa ruhusa ya kuingia, mengine ni kiwiko. TAZARA ni mambo mengine. Njia ina kilomita 1,860, unalala humo ndani mara mbili, kwa hiyo wanakuuzia kitanda. Chumba cha daraja la kwanza kina vitanda vinne, cha daraja la pili sita. Vipo na viti vya kawaida kwa mwenye mfuko mwepesi na kiuno cha chuma. Kwenye biye wanakuandikia behewa (sisi tunasema vago), chumba na kitanda.

Shemeji yangu anayekaa Lusaka alienda kwenye ofisi yao ya kule akatununulia. Alipofika dirishani alisema maneno machache: watu wawili, daraja la kwanza. Kosa letu lilikuwa hapo. Sisi hatukumwambia aseme zaidi, naye hakusema.

Tukatoka alfajiri, tukavuka Kasumbalesa, tukabadilisha pesa kwa kambisti, tukapita Chingola, Kitwe na Ndola, tukalala Kapiri Mposhi. Kesho yake stesheni, bibi yangu akaziweka biye mbili juu ya goti, moja kando ya nyingine.

“Papa, mbona vyumba si kimoja?”

Nikaenda dirishani. Yule mama wa tiketi nikamsalimia kwa Kibemba, na hiyo ilisaidia, uso wake ukalegea. Akanieleza taratibu: chumba ni cha wanaume au cha wanawake. Mume na mke wakitaka kulala pamoja, lazima chumba chote kiwe chao, yaani vitanda vyote vinne vilipiwe. Nilianza kulalamika, kisha nikajiuliza: kweli ningekubali bibi yangu alale katikati ya wanaume watatu nisiowajua? Yeye alikuwa amesimama nyuma yangu, akasema polepole, “Na wewe ulitaka kulala na wanawake watatu?” Nikanyamaza.

Kulipia vitanda viwili zaidi ilikuwa kula pesa ya bidhaa. Nilikuwa bado nahesabu kwacha mama mmoja alipogusa mkono wangu. Yeye na mume wake walikuwa wanarudi Kasama, nao wametenganishwa vilevile. Akasema: ninyi wawili, sisi wawili, si ndiyo wanne? Yule wa dirishani akacheka. Akachukua biye zetu nne, akakata namba za zamani kwa kalamu, akaandika juu yake chumba kimoja, akagonga mhuri kila moja. Hatukuongeza hata ngwee.

Jioni ilikuwa tamu. Mchana vitanda vya chini ndivyo viti vya wote, kwa hiyo mwenye kitanda cha chini asidhani ni mali yake mpaka watu waamue kulala. Mama wa Kasama alitoa karanga, sisi tukatoa mikate ya Lubumbashi.

Kasama wakashuka. Tukaagana kama ndugu, nikafunga mlango, nikanyoosha miguu: chumba ni chetu! Haikupita hata nusu saa mhudumu akabisha. Nyuma yake wamesimama wanaume wawili na mifuko. Biye za rafiki zetu zilikuwa zimeishia Kasama, na kuanzia hapo vile vitanda ni vya wengine, wanaokwenda Mbeya. Hilo sikulifikiria kabisa. Kitanda kinauzwa kwa kipande cha njia.

Mhudumu alikuwa Mtanzania, kijana mwenye adabu sana. Nikamwambia, “Ndugu, mimi nataka kubaki na bibi yangu.”

“Sawa, mzee. Bibi ana umri gani?”

“Miaka thelathini na nane.”

Akanitazama, akatazama ndani, akatazama tena biye. Alikuwa anatafuta kikongwe, ampe kitanda cha chini! Kwao bibi ni mama wa baba au wa mama, na mimi nilipaswa kusema mke. Wale wanaume wawili walicheka mpaka mifuko ikaanguka. Baada ya kicheko mambo yakawa rahisi: mke wangu akapelekwa chumba cha wanawake, mlango wa tatu, na mhudumu akaahidi kumrudisha Mbeya vitanda vikiwa wazi.

Mpakani, baada ya Nakonde, tulisogeza saa mbele kwa saa moja, kwa sababu saa ya Zambia ni ile ile ya Lubumbashi lakini Tanzania wametangulia. Mbeya wanaume wakashuka, vitanda vikabaki wazi. Nikaenda kumwita mke wangu. Akakataa. Alikuwa amepata mama mmoja muuza vitenge wa Kariakoo, wanaandikiana bei kwenye daftari. Alirudi baada ya Makambako, tena kuchukua shuka tu.

Wakati wa kurudi, kwenye stesheni yao ya Dar, barabara ya Nyerere, nilifika dirishani siku tatu kabla. Nikasema yote kwa pumzi moja: mimi na mke wangu, daraja la kwanza, chumba kizima, vitanda vinne, hadi Kapiri bila kukatiza. Nikalipa. Juu tukalaza maboksi ya viatu, kila kitanda maboksi matano, chini tukalala sisi. Usiku, baada ya taa kuzimwa, nikamsikia bibi yangu anahesabu kwa sauti ndogo: bei ya vile vitanda viwili ni sawa na jozi ngapi.