Cherehani ya Laki Tatu na Nusu

Shato niliyokuwa naitafuta, kile kipande cha cherehani kinachobeba uzi wa chini, si ile ya mviringo inayouzwa kila duka la vifaa vya ushonaji. Ni ile ndefu yenye umbo la risasi, ya cherehani za Singer za zamani: modeli 27 na 28, na wadogo zao 127 na 128. Haikai mahali pamoja. Inakwenda mbele na nyuma chini ya sindano huku imebeba bobini nyembamba ya uzi tumboni. Yangu, ya cherehani ya 28K ya kuzungusha kwa mkono, ilianguka kwenye sakafu ya saruji ikapinda ncha, na ncha ikishapinda uzi haukamatwi tena. Mafundi wa Mombasa wakanicheka. "Mama, hizo zilikwenda na chuma chakavu. Jaribu Nairobi."

Basi la usiku sina mengi ya kulisemea, ila kiti cha mbele yangu kilikuwa kimevunjika mgongo, na abiria wake alilala mapajani mwangu kutoka Mtito Andei hadi Mlolongo. Gesti niliyopata karibu na River Road ni elfu moja na mia tano kwa usiku, maji ya moto "yanakuja asubuhi". Hayakuja, na ilikuwa Julai. Mtu wa pwani hapaswi kuoga Nairobi mwezi wa Julai.

Nikaanza na Biashara Street. Hapo zamani paliitwa Bazaar Street, na jina hilo lingewafaa zaidi kwa bei zao. Kwetu Mombasa pia kuna Biashara Street, lakini yetu ni ya leso: unachagua doti, unasoma jina, unabishana bei, unavuka kwa fundi akupindie. Hii ya Nairobi ina cherehani mpya za Kichina zilizopangwa dirishani, nyeusi zenye maua ya dhahabu, nyingi zimeiga Singer 15 hata kiuno. Nzuri, sizikatai. Shato ya risasi hawaijui. Muuzaji mmoja akaniambia niende Gikomba, na niufunge mkoba wangu kwa pini.

Gikomba nilikanyaga tope hadi nikapita mitumba yote, nikafika kwenye vibanda vya vitu vikuukuu: pasi za mkaa, mabomba ya shaba, redio zisizo na matumbo. Kwenye kimoja kulikuwa na kitu kimefunikwa shuka safi kuliko ile ya gesti yangu. Umbo lile nalijua hata gizani. Nikainua pembe.

"Mathe, hiyo usiguse," akasema kijana mwenye kibanda.

"Nataka kuona shato tu, mwanangu."

"Hiyo si ya kushona. Hiyo ni ya pesa."

Bei? Laki tatu na nusu, tena kwa kuwa nimemwangukia vizuri, maana kuna Mwarabu yuko njiani na atatoa zaidi. Ndani mna zebaki nyekundu, akasema. Akatoa simu, akapiga namba, akaisogeza karibu na sindano. "Sikia. Imekata." Ilikata kweli, na kidole gumba chake kilikuwa palepale penye kitufe.

Hapo nikakumbuka mwaka 2009. Binamu yangu alikuwa akifanya kazi Jeddah, akapiga simu usiku kutuuliza kama Singer ya marehemu mama yetu bado ipo. Saudi Arabia nzima ilikuwa imeshikwa na uvumi huo huo, kwamba Singer kuukuu zina zebaki nyekundu, na kipimo chake ni simu kukatika karibu na sindano. Watu walitaja hadi riyali laki mbili kwa cherehani moja, na polisi wa huko wakaingilia kuchunguza. Zebaki tunayoijua ni ya rangi ya fedha, ile ya vipimajoto vya zamani, na haina kazi yoyote ndani ya cherehani. Chuma, mafuta na vumbi la pamba, basi. Nimefungua za kutosha.

Nikasogeza simu yangu ndogo ya vitufe penye sindano. Ikalia! Binti yangu anauliza hamira nimeweka wapi.

"Hiyo ni kabambe," kijana akasema bila kupepesa. "Kabambe haihisi."

Majirani wakaanza kusogea. Akaongeza kwamba mashine ile ilikuja na wajenzi wa reli. Nikainama nikasoma namba: inaanza na F. Reli ilifika Nairobi 1899, na hizi za F zilitoka kiwanda cha Clydebank, Scotland, kuanzia 1910. Kiwanda chenyewe kilifungwa 1980, ingawa kituo cha treni cha pale bado kinaitwa Singer. Nikamweleza yote hayo. Akasikiliza kwa adabu, akasema, "Unaona? Hata wewe unajua ni ya maana."

Nikavuta kibati cha mbele. Na humo ndani, imekaa kitako, shato ya risasi, ncha nzima, haina hata kutu. Nilikuwa tayari kutoa elfu moja papo hapo.

"Hapana, mathe. Zebaki iko hapo hapo."

"Basi niuzie bobini na shato, zebaki ubaki nayo."

Akafikiri. "Kama ni hiyo tu, leta elfu themanini."

Gurudumu lilikuwa limekwama kwa mafuta yaliyoganda. Nikatoa kichupa changu cha mafuta ya cherehani, nikamwomba angalau nimtoneshee Mwarabu wake matone mawili, bure. Akaruka kama nimemwagia petroli. Mafuta yangeua zebaki.

Nilicheka, lakini kicheko kikaniisha. Jirani yangu wa mtaa wa Kibokoni aliuza cherehani ya kwao kwa kilo, meza na miguu na vyote, kwa mtu wa mkokoteni, na pesa zikaishia kwenye samaki. Mashine iliyoshona kanzu za Idi za mtaa mzima! Huyu kijana angalau ameitafutia shuka.

Mama wa vifungo na zipu aliyekuwa amekaa jirani akanivuta mkono. "Wachana na huyo. Hata mimi ameniahidi gari Mwarabu akikuja." Akanielekeza kwa mzee mmoja upande wa Kamukunji, kule nyundo za masanduku hazikuachi usikie hata mawazo yako.

Mzee hakuuliza nimetoka wapi. Aliposikia "ishirini na nane" akafungua kopo la Kimbo lililojaa shato zilizolala kwenye mafuta taa, akachomoa moja moja akipitisha ncha juu ya ukucha wa kidole gumba. Ikikwaruza, inarudi koponi. Iliyopita ukucha bila kugusa akanipa. Mia nane. Nikasema mia tano. Akasema yeye hana zebaki, bei yake ni ya chuma tu, tukaachana kwa mia sita na bobini mbili juu.

Kwa hiyo nauli, gesti, chai ya hamsini isiyo na tangawizi, na maharagwe yasiyojua nazi, yote kwa kipande kinachotoshea kiganjani. Nitapinda leso hadi Ramadhani kuirudisha pesa hiyo.

Nyumbani niliitia shato ndani ya mashine, nikajaribu kwenye kipande cha marekani. Uzi wa chini ulilegea, vitanzi vikatokeza. Nikakaza skrubu ndogo ya kibati cha ubavuni mwa shato robo mzunguko, kisha kidogo tena, mshono ukakaa. Wa kwanza kuleta doti alikuwa yule yule jirani wa mkokoteni. Kupinda ni hamsini kila leso. Aliomba nimfanyie themanini zote mbili.