Wageni Waliolala Nyeri

Mwanangu alijiunga na skauti mwaka huu, na tangu avishwe ile skafu haivui ila akienda kuoga. Tulipofika Nyeri likizo ya Aprili kumsalimia shosho, bibi yake, alichoomba kwanza hakikuwa chapati. Alitaka kaburi. Alitaka kumwona Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti.

Mimi ni wa Tetu, shule ya upili nimesomea mjini Nyeri, na makaburi ya St. Peter's nilikuwa sijayaingia hata siku moja. Kwetu mtoto hapelekwi makaburini kutembea. Isitoshe, mtu wetu akifa anazikwa nyumbani, kando ya kahawa au nyuma ya zizi. Makaburi ya mjini tuliambiwa ni ya wasio na shamba.

Basi tukapanda matatu, tukaenda kumwona huyo asiye na shamba.

Nilitarajia kitu kikubwa. Ni jiwe jeupe tu, na mbele yake, kama kuna uwazi, Mlima Kenya. Siku hiyo wingu lilikuwa limeufunika wote. Kijana wangu alichuchumaa, akapitisha kidole kwenye alama iliyochongwa: duara, katikati nukta. "Mama, hii ni alama ya njia. Ukiiona porini ujue mwenzako amesharudi nyumbani." Nikanyamaza. Mwingereza aliyezaliwa London, akafia Nyeri tarehe 8 Januari 1941 akiwa na miaka 83, halafu jiwe linasema amerudi nyumbani.

Inasemekana aliwahi kuandika kwamba kadiri unavyoikaribia Nyeri ndivyo unavyoikaribia raha. Hakuwahi kufua nguo hapa mwezi wa Julai. Lakini ni kweli alipapenda: alijengewa kibanda chake, Paxtu, katika uwanja wa hoteli ya Outspan, akakaa humo hadi mwisho. Mkewe Olave alifariki Uingereza mwaka 1977, majivu yake yakaletwa yalale naye.

Tukataka kuondoka. Mzee aliyekuwa akifyeka nyasi akatuita. "Na huyu mwindaji hamumsalimii?" Hatua chache tu, kaburi lisilo na mbwembwe: Jim Corbett. Huyu alizaliwa Nainital, India, mwaka 1875, na akapata sifa kwa kuwawinda chui milia waliokula watu. Mmoja, jike wa Champawat, inasemekana alikuwa ameua watu 436. India ilipopata uhuru mwaka 1947 Corbett alihamia Nyeri na dada yake, wakakaa Paxtu ileile. Kibanda kimoja, wapangaji wawili, na sasa majirani tena chini ya nyasi. Ndiye aliyekuwa mlinzi Treetops, hoteli ya juu ya mti, ule usiku wa Februari 1952 binti mfalme Elizabeth alipolala humo, na mfalme baba yake akafa huko Uingereza. Miaka miwili baadaye Mau Mau waliichoma Treetops. Corbett alifariki mwaka 1955.

Hapo mwanangu akauliza swali nililokuwa nikilikwepa. "Kimathi naye yuko upande gani?"

Mzee aliegemea fyekeo lake, akaniangalia mimi. Ikabidi nijibu. Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau na mtoto wa Nyeri hii hii, alikamatwa Oktoba 1956 kwenye ukingo wa msitu, akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957, akafukiwa hukohuko gerezani. Kaburi lake halijulikani. Ana sanamu Nairobi, ana chuo kikuu hapa kwetu, jiwe hana. "Kwa hivyo mzungu wanajua alipo, Kimathi hawajui?" Ndiyo, baba. Ndivyo.

Njiani nilimwambia kuhusu wengine, maana alinuna. Kule Mathari kuna kanisa la Waitaliano ambamo wamelazwa mamia ya wanajeshi wao wa vita vya pili vya dunia. Yuko nao mtawala wao wa Ethiopia, Amedeo wa Aosta, aliyefia mikononi mwa Waingereza Nairobi mwaka 1942. Katika kathedro mjini ipo mifupa ya Mwenyeheri Irene Stefani, mtawa ambaye wazee walimwita Nyaatha. Wageni tena. Wa kwetu wamefuata desturi au wameivunja: Mwai Kibaki alizikwa nyumbani kwake Othaya mwaka 2022, na Wangari Maathai wa Ihithe alikataa jeneza la mbao. Akalazwa katika la gugu maji, mianzi na mafunjo, kisha akachomwa Kariokor mwaka 2011. Nakumbuka wazee wa kwetu walivyonong'ona wiki nzima, na mimi kwa siri nilimwona yuko sawa kabisa. Aliyepanda miti maisha yote akatiwe mti wa nini?

Jioni shosho alituuliza tulikotoka. Nikamwambia. Akaacha kuchambua maharagwe.

"Mmelipa nauli kwenda kuangalia kaburi la mtu msiyemjua?"

"Ni mwanzilishi wa skauti, shosho," kijana akajitetea.

"Sawa. Na guka, babu yako, hapo nyuma ya migomba, magugu yamemfika kifuani. Jembe liko mlangoni. Hiyo skafu uivue kwanza."

Akaivua.