Kubadili shokapu za bajaji nyumbani: kazi kubwa iko kwenye kuinua

Mafundi wengi wa bajaji ninaowajua hapa Dodoma wana njia moja ya kufika chini ya bajaji: wanailaza. Vijana wawili wanashika upande mmoja, mwingine anaipokea upande wa pili, chombo kinalala ubavu juu ya tairi kuukuu, kazi inaanza. Ni haraka na haihitaji jeki. Kwa kugusagusa kitu kidogo cha dakika tano sina ugomvi nayo. Kwa shokapu, vile vyuma vinavyomeza mitikisiko ya barabara, nilikataa. Ukilaza bajaji petroli inachuruzika kwenye mfuniko wa tanki, tindikali ya betri ya maji inamwagika, na oili ya injini inahamia kusikotakiwa. Isitoshe, mkono wa chuma unaobeba tairi la nyuma unabaki unaning'inia hovyo, huwezi kuupandisha wala kuushusha kwa kipimo. Na kazi yote ya shokapu iko hapo, kwenye kuupandisha na kuushusha huo mkono taratibu.

Shokapu zangu za nyuma zilikuwa zimekwisha, hilo halikuhitaji fundi. Ukipita tuta moja, abiria wanaendelea kuitikia ndiyo, ndiyo, hadi tuta linalofuata. Kwenye mwili wa shokapu ya kulia oili ilikuwa imetoka juu, ikakutana na vumbi letu la Nkuhungu, ikagandana kuwa tope jeusi ambalo ukilikwangua kwa bisibisi linabanduka kwa magamba. Tairi la upande huo nalo lilikuwa limeanza kulika kwa mabaka. Spea nilinunua mjini, seti ya nyuma, springi na shokapu vikiwa vimeshafungwa pamoja. Kwenye bei msikubali ya kwanza, mnajua wenyewe.

Sasa, kuinua. Watu hufikiri hatari ni uzito. Bajaji tupu ina zaidi ya kilo 300, na jeki ya chupa ya tani 2, ile ndogo kabisa dukani, inaibeba bila kuguna. Nguvu ya jeki haikunipa wasiwasi hata kidogo. Shida ni kwamba bajaji ina miguu mitatu, na mambo mengi tuliyozoea kwenye gari hayafanyi kazi hapa.

Gari ukiliinua nyuma kwa jeki moja katikati, mbele bado limekaa juu ya matairi mawili. Jumla pointi tatu, linatulia. Bajaji ukiifanyia hivyohivyo unabaki na tairi la mbele na kichwa cha jeki, basi. Pointi mbili kwenye mstari mmoja. Sufuria haikai juu ya mafiga mawili, na bajaji nayo haikai. Inachagua upande na kulala, safari hii bila vijana wa kuipokea. (Nikisema mafiga nasema ya jikoni, si yale ya kampeni, ya rais, mbunge na diwani.) Kwa hiyo kabla ya kila hatua nilikuwa najiuliza swali moja: nikifanya hivi, chombo kitabaki kimesimama juu ya pointi ngapi, na zimeachana kiasi gani? Zikiwa chini ya tatu, sifanyi. Zikiwa tatu lakini zimebanana, sifanyi vilevile.

Kuna jambo la pili ambalo madereva wenzangu niliowaeleza walishtuka nalo kidogo. Hendibreki ya bajaji inakamata matairi ya nyuma. Ukishayainua hayo, unaweza kuivuta mpaka kiganja kinauma, haizuii kitu. Gia nayo ni hivyohivyo, kwa sababu injini inasukuma nyuma. Hata ukiinua tairi moja tu la nyuma, gia haikushikii: difu, ile inayogawa nguvu ya injini kwa matairi mawili, inaliacha lile la hewani lizunguke huku chombo kikitambaa. Unapofanya kazi nyuma, kinachoshikilia bajaji isitembee ni tairi la mbele, ambalo kwa wakati huo halina breki yoyote. Kwa hiyo nilichonga kabari mbili za mbao, moja mbele ya tairi na moja nyuma yake, nikazigonga kwa nyundo hadi zikabana. Mawe ninayo tele uwanjani, ila jiwe la mviringo linaviringika pamoja na tairi.

Usukani pia. Tairi la mbele likikata kona, ile pointi ya mbele inahama na bajaji inaegemea. Niliuweka usukani sawa kabisa, nikaufunga kulia na kushoto kwa mpira wa tyubu, ule wanaofungia mizigo bodaboda. Ukiwa umefungwa vizuri, hata mtu akijikwaa akashika hendo haugeuki.

Kuhusu cha kuwekea chini, tofali za bloku marufuku. Najua zipo kila nyumba, na hapa mjini kila mtu anajenga. Bloku inabeba ukuta mzima kwa sababu mzigo umetandazwa. Ukiiwekea ncha ya chuma juu yake inapasuka ghafla, haitoi hata mlio wa kukuonya. Stendi za gari nilizijaribisha dukani kwa macho nikaona hata zikishushwa mwisho bado ni ndefu kwa chombo cha chini kama hiki. Nikaenda kwa fundi seremala, nikamwomba vipande vya mbao ngumu alivyokuwa amevitupa pembeni, vyote unene mmoja. Hivyo unavipanga msalaba: viwili vinalala hivi, viwili juu yake vinalala vile, hadi kimo unachotaka. Kitako kinakuwa kipana na hakuna pini ya kuchomoka. Onyo pekee ni la nyumbani: viandikeni jina, maana mama watoto akiviona karibu na jiko vitapika maharage.

Ardhi yetu ya Dodoma ukiitazama asubuhi utadhani ni saruji. Ukiweka jeki yenye kitako cha kiganja na kuanza kupampu, inazama. Niliweka ubao mpana chini ya jeki na chini ya kila rundo la mbao. Na nilianza asubuhi mapema kwa makusudi. Miezi ya kiangazi upepo wa hapa unaanza mchana na unajua kusukuma. Bajaji yenye turubai ikiwa imeinuliwa ni tanga la ngalawa. Nilikunja turubai zote pembeni na nyuma nikazifunga, kisha nikajiwekea sharti: upepo ukianza kabla sijamaliza, naishusha.

Kabla ya kuinua hata sentimita moja nililegeza nati za matairi na bolti za shokapu, bajaji ikiwa bado imekaa kwa miguu yake. Bolti za chini zilikuwa zimeshika kutu, nikazipaka dizeli jioni iliyotangulia na kuzirudia asubuhi. Hatua hii inaonekana ya kivivu lakini inaokoa watu. Kinachoangusha chombo kilichoinuliwa mara nyingi ni fundi mwenyewe, amening'inia kwenye spana akivuta nati iliyogoma.

Mtoto wa dada yangu alikuja kunisaidia, na nilimpa kazi ya kutazama tu. "Mjomba, nipampu mimi?" Hapana. Simama mbele, tazama kabari na usukani, kikisogea kitu piga kelele.

Mahali pa kuweka jeki panahitaji tochi. Chini ya bajaji hakuna chesisi nene kama ya gari. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba, na sehemu kubwa ni bati lililokunjwa. Ukiinulia kwenye bati, linaingia ndani na jeki inateleza. Nilitafuta sehemu iliyoongezewa chuma, jirani na pale mkono wa tairi unapofungwa kwenye bodi, nikapafuta tope na grisi hadi pakawa pakavu, nikaweka kipande kidogo cha ubao kati ya jeki na chuma. Upande wa pili nikatafuta mahali palepale, nikapaweka alama ya chaki.

Halafu zamu kwa zamu. Kulia juu kidogo, rundo la mbao linaingia, nashusha jeki hadi mzigo ukae kwenye mbao. Nahamia kushoto, kidogo, mbao, nashusha. Narudi kulia, naongeza safu. Hakuna wakati upande mmoja ulikuwa juu sana kuliko mwenzake, na hakuna wakati mzigo ulibaki kwenye jeki peke yake nikiwa nimeingiza mkono chini. Jeki ya chupa inaweza kuvuja kwenye sili ikashuka yenyewe. Kazi yake ni kuinua, kubeba ni kazi ya mbao. Mwishowe matairi yote mawili ya nyuma yalikuwa hewani, chombo kimesimama juu ya tairi la mbele na marundo mawili yaliyoachana karibu upana wote wa bodi.

Mzee jirani akapita na fimbo yake, akanisalimia "Mbukwa", akasimama. Akaniona nimeshika bomba la nyuma ya kiti, natikisa bajaji kwa nguvu kushoto na kulia.

"Kijana, unaijenga au unaibomoa?"

"Shikamoo mzee. Naipima. Kama ni ya kuanguka, ianguke sasa hivi nikiwa nje."

"Marahaba. Hapo sawa," akasema, akasogea hatua mbili nyuma. Haikucheza. Nikafungua matairi, na kila tairi nililolitoa nikalilaza chini ya bodi upande wake. Mbao zikishindwa, bodi itatua kwenye tairi na mtu atapata nafasi ya pumzi.

Baada ya hapo shokapu zenyewe ni kazi nyepesi. Jeki, ambayo sasa haina mzigo, niliihamishia chini ya mkono wa tairi na kuipandisha hadi ikaugusa na kuubeba kidogo. Shokapu ndiyo inayouzuia mkono usishuke kupita kiasi. Ukichomoa bolti bila kuuegemeza, mkono unaporomoka na kuvuta bomba la breki na ekseli. Bolti ya chini ikatoka, nikashusha jeki taratibu, bolti ya juu ikafuata, shokapu ikaja mkononi. Ile mpya, kabla ya kuifunga, niliisimamisha wima nikaikandamiza kwa uzito wa mwili mara kadhaa ili hewa iliyokaa ndani itoke kwenye njia ya oili. Kisha njia ileile kinyumenyume: juu kwanza, jeki inapandisha mkono hadi matundu yatazamane, bolti inaingia kwa vidole. Ikibidi kuigonga kwa nyundo, matundu hayajatazamana bado. Ongeza au punguza jeki. Upande wa kushoto nikafanya hivyohivyo. Usibadili mmoja ukauacha mwingine.

Nati zenye bushi za mpira sikuzikaza mwisho pale juu. Nilizifikisha mahali pake tu, nikarudisha matairi, nikashusha bajaji zamu kwa zamu kama nilivyoipandisha, na ilipokaa chini kwa uzito wake ndipo nikazikaza. Ukizikaza mkono ukiwa umening'inia, mpira unabaki umejipinda siku zote na unachanika mapema.

Mbele niligusa siku nyingine, na huko kuna raha yake: jeki moja katikati chini ya sehemu ngumu ya mbele inatosha kuinulia, maana matairi mawili ya nyuma yako chini yameachana, na hendibreki inafanya kazi yake. Kabari unaweka nyuma ya matairi hayo na mbele yake, rundo la mbao linachukua mzigo, unaendelea.

Nilizunguka mtaani bila abiria nikipita kila tuta nililolijua, nikarudi, nikapitisha spana tena kwenye nati zote. Moja ya tairi la kulia ilikubali robo mzunguko.

Kazi niliyoiacha kwa gereji ni kutenganisha springi na shokapu ya zamani. Springi imebanwa ndani yake, na bila kifaa maalumu cha kuibana ukifungua nati ya juu inaruka na chochote kilicho mbele yake. Niliwapelekea zile kuukuu zikiwa nzima, wakachukua springi, chuma kilichobaki akakinunua wa vyuma chakavu.