Siku moja Mwanjelwa na kerneli inayoahidi kupita uwezo

Saa 12:30 asubuhi. Mvua za Novemba zimeanza, na usiku ukinyesha, daladala za kutoka Uyole zinafika zimepakwa tope hadi madirishani. Sweta, chai ya maziwa, viazi vya jana vilivyopashwa, naondoka. Kazi yangu ni kuangalia kompyuta za muuzaji wa jumla wa pembejeo jirani na soko la Mwanjelwa, hapa Mbeya: mbolea, mbegu za mahindi, viuatilifu. Huu ndio msimu unaobeba mishahara ya mwaka mzima, maana wakulima wote wanataka DAP wiki hiyohiyo moja.

Saa 1:45. Mhasibu ameshafika. Huyu mama hatanguliwi na mtu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Jana jioni mfumo wako umezima tena, niko katikati ya ripoti ya mwezi. Wateja wa kaunta wakabaki wanatukodolea macho."

Nampa pole, naelekea chumba cha seva, ambacho kusema kweli ni stoo yenye feni. Seva ni moja tu, inatumia Linux, ina RAM ya gigabaiti 16 na swapu, sehemu ya diski inayosaidia RAM ikijaa, ya gigabaiti 4. Ndani yake kuna hifadhidata ya PostgreSQL, programu ya mauzo iliyoandikwa kwa Java, na programu ya ripoti ambayo mhasibu anaipenda kuliko sisi sote.

Saa 2:10. Naandika dmesg -T, amri ya kusoma ujumbe wa kerneli, napanda juu mpaka jana jioni. Ipo. Kerneli, kiini cha Linux kinachogawa kumbukumbu, iliishiwa, ikamwachia kazi yule anayeitwa OOM killer, muuaji wa michakato kumbukumbu ikiisha, naye akaua mchakato mmoja wa postgres. Mstari huo una namba mbili zinazofaa kutazamwa: total-vm kama gigabaiti 6, na anon-rss, data zake zilizokaa kweli kwenye RAM, chini kidogo ya gigabaiti 2. Wengi hutishwa na ile ya kwanza. Hiyo ni anwani zilizoombwa tu, na ndani yake imo kumbukumbu ya pamoja ambayo kila mchakato wa postgres unaihesabu kama yake. Ndiyo maana ukijumlisha safu ya VIRT, yaani anwani hizohizo, kwenye amri ya top unapata jumla inayozidi RAM mara kadhaa, na mashine bado inapumua vizuri. Anayeua hatazami VIRT. Anatazama kurasa zilizokaliwa kweli kwenye RAM na kwenye swapu, kisha anaongeza au kupunguza kwa oom_score_adj, namba anayoiweka msimamizi, ambayo inaanzia -1000 hadi 1000.

Lakini kwa nini kaunta nzima isimame kwa kifo cha mchakato mmoja? Ni kwa sababu mchakato mama wa PostgreSQL ukiona mtoto kauawa ghafla namna ile, hauwezi kuamini tena kumbukumbu ya pamoja. Unawakata wote, unajirejesha kutoka kwenye logi yake, ndipo unafungua mlango upya. Kwa hifadhidata, hiyo ni busara. Kwa mkulima aliyeshika hela mkononi na lori linamsubiri nje, ni uzembe wetu tu.

Saa 3:20. Kaunta imechangamka. Kijana wa ghala anakuja kuomba printa yake itengenezwe, anakuta nimeandika namba ukutani kwa chaki.

"Kaka, hiyo ni nini?"

Namweleza. Programu ikiomba kumbukumbu, kerneli haitoi RAM papo hapo. Inasema sawa, inaandika, basi. Ukurasa wenyewe, wa kilobaiti 4 kwenye mashine kama yetu, unatolewa siku programu itakapougusa. Na programu nyingi zinaomba kingi zikagusa kidogo, kwa hiyo kuahidi kupita kiasi kunalipa siku nyingi za mwaka.

"Kumbe ni kama sisi tunavyopokea oda za mifuko mingi kuliko iliyo ghalani, kwa kujua wengine hawatatokea."

Ndivyo hasa, nikamwambia, na jana walitokea wote. Akacheka, akachukua printa yake.

Saa 4:30. Kupima kwanza. Kwenye /proc/meminfo, faili la kerneli la hali ya kumbukumbu, kuna mistari miwili ambayo watu huipita: CommitLimit na Committed_AS. Wa kwanza ni kikomo cha ahadi, wa pili ni ahadi zilizokwisha kutolewa. Asubuhi hii, kaunta ikiwa na kazi ya kawaida, Committed_AS inazungukia gigabaiti 11. Namwomba mhasibu aanzishe ripoti ndogo ya wiki, nami natazama. Inapanda hadi 14. Ya mwezi, kwa hesabu ya haraka, itapita 18. CommitLimit yetu haifiki hata 12, ila kwa sasa haina nguvu yoyote, kwa sababu vm.overcommit_memory, mpangilio wa kuahidi kupita kiasi, iko kwenye 0, chaguo-msingi. Kwenye 0 kerneli inakataa ombi lililovuka mipaka waziwazi tu. Kwenye 1 inakubali kila kitu. Kwenye 2 ndipo inashika daftari na kusema hapana.

Bosi anapita, anachungulia skrini, anaona amri ya free -h inaonyesha megabaiti 300 chini ya neno free. "RAM imekwisha hiyo. Tununue nyingine." Namwonyesha safu ya mwisho, available, bado ina gigabaiti 5. Linux inatumia RAM iliyokaa bure kuhifadhi mafaili yaliyosomwa, na inairudisha ikihitajika. Bosi anatikisa kichwa kwa namna ya mtu ambaye bado anataka kununua.

Saa 7 mchana. Wali, maharage, parachichi la Rungwe. Simu inaita, rafiki yangu wa Mafinga anayehudumia kiwanda cha mbao. Ameweka kikomo cha kumbukumbu kwenye faili la limits.conf na huduma yake haijali kabisa. Namwambia faili hilo linawahusu wanaoingia kwa akaunti zao. Huduma zinazoanzishwa na systemd, msimamizi wa huduma za Linux, hazipiti mlango huo. Halafu amri ya ulimit -v inabana mchakato mmoja mmoja, na inabana anwani, si RAM. Ukiwa na watoto 20, kila mmoja anapewa kikomo chake kizima. Anayetaka kubana huduma nzima pamoja na watoto wake atumie MemoryMax kwenye faili la huduma. "Ndaga kaka," yaani asante, ananijibu, Mnyakyusa aliyehamia kwa Wahehe na hajasahau kwao.

Saa 8:15. Sasa kazi yenyewe. Naandika faili moja kwenye /etc/sysctl.d, folda ya mipangilio ya kerneli:

vm.overcommit_memory = 2
vm.overcommit_ratio = 80
vm.swappiness = 10

Ratio ya chaguo-msingi ni 50, maana yake kikomo ni swapu yote pamoja na nusu ya RAM. Kwetu hiyo ingekaba koo kabla ya saa nne asubuhi. Kwa 80 tunapata kama gigabaiti 16.5. Swappiness nayo ina uzushi mwingi: nimesikia mafundi wakiapa kwamba 60 ni asilimia ya RAM inayotakiwa kujaa ndipo swapu ianze. Si asilimia ya kitu chochote. Ni uzito wa kuchagua, kumbukumbu ikibana, kati ya kusukuma data za programu kwenye swapu na kutupa mafaili yaliyohifadhiwa. Ndiyo maana tangu kerneli 5.8 inaruhusiwa kufika 200. Diski yetu ni ya zamani, ya kuzunguka, kwa hiyo naipa swapu uzito mdogo.

Programu ya ripoti naiwekea MemoryHigh ya megabaiti 1500 na MemoryMax ya gigabaiti 2. Ikifika ya kwanza inapunguzwa mwendo, ikitaka kupita ya pili, anayeuawa ni yeye ndani ya uzio wake. Ila huo uzio haugusi kazi inayofanyika ndani ya PostgreSQL kwa niaba yake, na huko ndiko moto ulikokuwa. work_mem, kumbukumbu ya kazi ndani ya PostgreSQL, ilikuwa megabaiti 256. Inaonekana ndogo mpaka ukumbuke kwamba si ya mtumiaji mmoja: kila upangaji na kila hashi (jedwali la kutafutia) ndani ya swali moja inaweza kuchukua kiasi hicho, na wasaidizi wanaofanya kazi sambamba nao wanachukua chao. Nitaishusha hadi 32.

Saa 9. Kabla sijaishusha kwenye swali la ripoti, nataka kuona kikomo kikifanya kazi, kwa hiyo naliendesha kwa ile 256 ya zamani. Baada ya dakika chache linarudi na kosa: kumbukumbu haitoshi. Natoka mbio hadi kaunta. Dada wa mauzo anakata risiti ya mifuko ya urea, hana habari.

"Kuna tatizo lolote?"

"La nini?"

Hilo jibu ndilo nililokuwa nalitafuta tangu asubuhi. Narudia kwa megabaiti 32, ripoti inafika mwisho, kwa dakika 9 badala ya 7, kwa sababu sehemu ya upangaji sasa inapitia diski. Mhasibu ananung'unika kuhusu dakika mbili. Tunakubaliana ripoti ya mwezi iwe inajiendesha yenyewe saa 8 usiku, aikute mezani.

Saa 10:40. Radi upande wa Loleza, umeme unakatika. Betri ya UPS imechoka, nazima seva kwa utaratibu. Umeme ukirudi naiwasha na jambo la kwanza ni cat /proc/sys/vm/overcommit_memory. Inasema 2. Amri ya sysctl -w peke yake ingekuwa imesahaulika hapo, faili limeikumbuka.

Saa 11:30 jioni. Nambandikia bosi karatasi mlangoni mwa stoo: nini kimebadilishwa, kwa nini, na jinsi ya kukirudisha. Nimeandika pia kwamba kikomo hiki hakimwondoi kabisa yule muuaji, kinapunguza tu nafasi za kumwita, na kwamba programu mpya ikikataa kuwaka waanze kwa kutazama Committed_AS. Bosi anaisoma yote, miwani puani.

"Sawa. Kwa hiyo nikileta RAM nyingine gigabaiti 16, itaingia?"

Nafasi mbili ziko wazi kwenye ubao, nikamjibu, ila bei tuulize kesho.