Nilivyobadilisha injini iliyochoka ili gari livute trela

Gari langu ni Land Cruiser ya mfululizo wa 70, lililotoka kiwandani na injini ya dizeli ya 1PZ, yenye silinda 5 na ujazo wa sentimita za ujazo 3,469. Likiwa tupu lilikwenda bila taabu, lakini kila nilipolifungia trela lenye mzigo, mlima wa kawaida tu ulinilazimisha kurudi gia ya pili, huku moshi ukitanda nyuma na mshale wa joto ukianza kupanda.

Kabla ya kufikiria kushusha injini, nilitaka kwanza kuhakikisha kwamba tatizo ni injini yenyewe, kwa sababu klachi inayoteleza, breki zinazoshika, kichujio cha hewa kilichoziba au nozeli zilizochakaa vyote huweza kulifanya gari lionekane halina nguvu. Vyote vilikaguliwa vikaonekana salama. Kipimo cha kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, ndicho kilichotoa jibu: silinda mbili zilikuwa chini sana ya nyingine, na tulipofungua mfuniko wa oili injini ikiwa inaunguruma, pumzi ilitoka kwa nguvu, ishara kwamba gesi zilikuwa zikipenya kwenye ringi za pistoni. Injini ya dizeli haina plagi za cheche. Dizeli huwaka kwa joto la hewa iliyogandamizwa, hivyo kompresheni inapopungua, nguvu nayo hupungua.

Ningeweza kuifanyia ovahoo injini ileile, yaani kuifungua yote na kuitengeneza upya. Hata hivyo, baada ya gharama zote hizo ningerudishiwa tu nguvu iliyokuwapo tangu mwanzo, ambayo kwa trela langu ilikuwa ndogo. Kuongeza turbo, kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini, nilikukataa mapema, kwani 1PZ haikuundwa kwa turbo, na anayeifunga halafu akavuta mzigo mzito bila kipimo cha joto la egzosi anazihatarisha pistoni na silinda hedi.

Nilichagua 1HZ, injini ya dizeli ya ukoo uleule. Silinda zake zina kipenyo kilekile cha milimita 94 na mwendo wa pistoni wa milimita 100, ila ziko 6, na ujazo unafika sentimita za ujazo 4,164. Wanunuzi wengi huuliza injini ina farasi wangapi, ilhali anayevuta trela anapaswa kuuliza torki, yaani nguvu ya kuzungusha, na inapatikana katika mizunguko mingapi. 1HZ hutoa takribani Nm (nyutoni mita, kipimo cha torki) 285 katika mizunguko 2,200 kwa dakika, wakati 1PZ hutoa takribani Nm 230 katika mizunguko ya juu zaidi. Mlimani, tofauti hiyo ina maana kubwa kuliko mwendo kasi wowote.

Injini niliyoipata ilikuwa imetumika. Nilimwomba muuzaji asiiwashe kabla sijafika, kwa kuwa injini iliyokwisha kupashwa moto huficha mengi. Iliwaka vizuri ikiwa baridi, kompresheni za silinda zote sita zilikaribiana, na oili haikuwa na dalili ya maji.

Ikiwa bado nje ya gari, fundi alibadilisha mkanda wa taiming, pampu ya maji, thamostati na sili ya nyuma ya krenkshafti, kazi ambazo ni rahisi injini ikiwa chini na za kuchosha ikishafungwa. Pampu ya dizeli na nozeli zilipelekwa kupimwa. Giaboksi yangu ilikubali injini mpya bila kubadilishwa, lakini klachi niliweka mpya, maana ya zamani ingebebeshwa torki ambayo haikuizoea. Bomba la mbele la egzosi lilihitaji kurekebishwa kwa sababu injini ni ndefu zaidi. Rejeta sikuibania pesa: injini inayovuta mzigo taratibu mlimani hutoa joto jingi wakati ambapo upepo wa mwendo ni mdogo, kwa hiyo niliweka yenye kiini kipya pamoja na kava la feni.

Namba ya injini niliibadilisha kwenye hati za gari na kuwaarifu watu wa bima, jambo ambalo wengi huliahirisha mpaka siku ya kuuza gari.

Sasa milima iliyokuwa ya gia ya pili naipanda kwa gia ya tatu, na mshale wa joto unabaki mahali pake. Dizeli inayotumika gari likiwa tupu imeongezeka kidogo. Likiwa na trela sioni tofauti kubwa, kwa kuwa injini ya zamani ilikuwa ikikanyagwa hadi mwisho muda wote. Uzito wa trela sijauongeza. Kikomo alichoweka mtengenezaji kinahusu pia fremu, ekseli na breki, na hivyo sikuvigusa, isipokuwa pedi na oili ya breki nilizozibadilisha kabla ya safari ya kwanza yenye mzigo.