Siku tatu na erori ya protokoli, kumbe kosa liko mustari mwingine

Mi niko Lubumbashi, Katuba, na hii naandika juu ya wale wanaojifunza Swift (lugha ya kuandika programu za iPhone) peke yao kama mimi, bila mwalimu, paka video za usiku wakati mega ziko bei ya chini.

Mama mukubwa wangu anauza unga ku soko ya Kenya (Kenya yetu ya hapa, komini, si ile ya Nairobi). Anapimia na meka, na bei ya meka haikai, leo hivi kesho vile, batu wanazunguka soko nzima wakiulizia. Nikasema basi nitengeneze aplikeshoni, mutu anafungua simu anaona muuzaji fulani iko wapi na meka kwake ni ngapi. Kitu kidogo tu, nilifikiri wiki moja itatosha.

Nikaandika struct (kifurushi cha data) inaitwa Duka, ndani yake jina, bei, na mahali. Mahali nikaipa aina ya CLLocationCoordinate2D juu ramani ya Apple njo inataka hiyo. Halafu nikaandika Codable pale juu (ni protokoli, yaani ahadi kwamba Duka inaweza kusomwa, Decodable, na kuandikwa, Encodable) ili isome JSON, data ya maandishi, kutoka seva, nikabonyeza kujenga, na zikaruka erori mbili nyekundu: Duka haitimizi protokoli Decodable, Duka haitimizi protokoli Encodable. Zote mbili zimekaa ku mustari wa kwanza, pale penye jina la struct.

Mustari wa kwanza nikausoma mara ishirini. Herufi ziko sawa, mabano yako sawa. Xcode, ile programu ya Apple ya kuandikia kodi, ikanipa kile kibatani cha kurekebisha, nikabonyeza kama mujinga, ikaniwekea init na kazi (function) nyingine ambazo sikujua hata ni za nini, sasa erori zikawa nyingi kuliko mwanzo. Nikafuta yote. Umeme ukakatika. Mac yangu ni ya okazyo, batri inashika kama saa moja hivi, siku ya kwanza ikaishia pale.

Kitu sikuelewa ni kwamba protokoli ni sawa na mutu anayesema mimi ni fundi cherehani: hakuna anayeangalia moyo wake uko namna gani, wanataka kuona cherehani, uzi na makasi, kikikosa kimoja hauko fundi. Na kompaila, ile inayogeuza kodi kuwa programu, inalalamika pale ulipojiita fundi, haiendi kulalamika kwenye kabati ambapo makasi hayako. Mi nilikuwa natafuta kosa ku mulango wakati liko ndani ya nyumba.

Siku ya pili nikafanya kitu cha kizamani, nikafunga sehemu zote za struct kwa alama ya komenti, nikabakisha jina peke yake. Ikajenga. Nikarudisha bei, ikajenga. Nikarudisha mahali, nyekundu! Kumbe ningefungua tu ile erori mu orodha ya upande wa kushoto, chini yake kuna maelezo madogo yanasema wazi kabisa kwamba haiwezi kujiandikia yenyewe juu CLLocationCoordinate2D haiko Decodable. Yalikuwa pale tangu siku ya kwanza, sijayafungua. Tangu Swift 4 ya 2017 kompaila inakuandikia hiyo kazi ya Codable bure, ila sharti ni kila kitu kilicho ndani nacho kiwe Codable. String iko, Int iko, Double iko, Date iko. Ile ya mahali haiko.

Batu wengi wanashauri uifanyie extension, yaani kiraka cha nje, uiongezee Codable. Nimejaribu, inakataa kujiandikia yenyewe juu aina hiyo imetangazwa mu faili ingine, lazima uandike yote kwa mukono. Na hata ukiandika, Xcode za karibuni zinakuonya, juu aina si yako na protokoli si yako, siku Apple wenyewe wakiiongeza mutagongana. Mi nikaacha. Nikaweka Double mbili, latitudo na longitudo, halafu ramani ikitaka mahali, kuna propati ya kukokotoa (haihifadhiwi, inahesabiwa kila ukiiita) inaziunganisha, na Codable haiigusi hiyo. Mistari mitatu, basi.

Erori ya pili ilikuwa ya protokoli yangu mwenyewe. Niliandika kwamba kila chanzo cha bei lazima kiwe na kazi bei(kwa siku: Date), halafu kwenye klasi yangu inayotimiza ile protokoli nikaandika bei(siku: Date). Ile neno "kwa" peke yake njo imenikula saa mbili, juu kwa Swift lebo, lile neno la mbele ndani ya mabano, ni sehemu ya jina la kazi. Nimerekebisha, bado inakataa: kazi mu klasi yangu ilikuwa na throws (alama kwamba inaweza kutupa kosa) na ile ya protokoli haina. Kinyume chake kingepita, protokoli ikiwa na throws na wewe hauna, hakuna shida, ila kuleta hatari ambayo mkataba haukuitaja, hapana. Kwa hii nilikubali kompaila iko na haki.

Lakini mbaya zaidi ni ile haikutoa erori hata moja. Nilitaka ramani imfuate mutu anavyotembea, nikaweka delegeti ya CLLocationManager (kitu kinachopokea habari simu iko wapi), kazi nikaiita didUpdateLocation, bila s ya mwisho. Ile kazi ni ya hiari mu protokoli, kwa hiyo ukikosea jina, kompaila inafikiri umejitungia kazi yako, inapita. Inatoa onyo la njano tu kwamba jina linafanana na lile la hiari, na mi maonyo ya njano nilikuwa nayo kama arobaini, nani anayasoma? Nilizunguka Katuba na simu mukononi kama mutu anayetafuta rezo, kidoti hakisogei. Siku hizi maonyo ya njano nayamaliza kwanza mbele ya kitu kingine chochote.

Jumamosi nikaenda soko na iPhone ya kuazima, orodha ikafunguka, jina la mama mukubwa liko juu kabisa, kidoti pembeni ya meza yake. Akaangalia, akafurahi, akatoa kasimu kake ka Android mu kitambaa cha kiunoni: "Haya mwanangu, niwekee na mimi."

Sasa niko nasoma Kotlin. Kule protokoli wanaiita interface, na erori ya kwanza nimeshaipata jana usiku.